Tungo Huru na Tungo Tegemezi Mbele ya Kompaila ya Lisp

Ikisiri

Wanafunzi wa sintaksia huzoezwa mapema kutofautisha kishazi huru na kishazi tegemezi. Makala haya yanaonyesha kwamba kompaila ya lugha ya tarakilishi iitwayo Lisp hulazimika kufanya utenganisho unaokaribiana sana na huo, na kwamba kutouzingatia kunaweza kuiangusha programu nzima. Hoja inayotetewa ni kuwa mahali ilipo tungo katika matini huamua wakati tungo hiyo itakapotenda kazi, hata pale ambapo maneno yake hayajabadilika hata moja. Mifano imetolewa katika Common Lisp, lahaja iliyosanifishwa nchini Marekani mwaka wa 1994.

Utangulizi

Lisp ni miongoni mwa lugha kongwe za kuandikia programu. John McCarthy alianza kuibuni mwaka wa 1958 akiwa katika taasisi ya MIT, na makala yake ya kuieleza yalichapishwa mwaka wa 1960. McCarthy alikuwa mwanahisabati, na mwanzoni kanuni yake ya jinsi sentensi yoyote ya Lisp inavyopatiwa thamani ilikuwa nadharia ya karatasini. Ni Steve Russell aliyeona kwamba kanuni hiyo yenyewe inaweza kuandikwa katika lugha ya mashine ya IBM 704 na ikafanya kazi. Mwaka wa 1962 Tim Hart na Mike Levin waliunda kompaila ya Lisp iliyoandikwa kwa Lisp, na mwaka uliofuata Hart akapendekeza makro, dhana ambayo ndiyo kiini cha matatizo yanayojadiliwa hapa.

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza mambo haya yanamhusu vipi. Jibu la kwanza ni la kihistoria. Fred Karlsson, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipopendekeza mwaka wa 1990 mfumo wa uchanganuzi uitwao Constraint Grammar, utekelezaji wake wa kwanza uliandikwa kwa Lisp, na kanuni zake za sarufi zikaandikwa ndani ya mabano kwa mtindo wa lugha hiyo. Arvi Hurskainen wa chuo hicho hicho aliutumia mfumo huo katika miaka ya 1990 kuondoa utata katika uchanganuzi wa maneno ya Kiswahili, yaani kuamua, mathalani, kama neno *kaa* katika sentensi fulani ni kitenzi, ni mnyama wa baharini au ni kipande cha moto. Kwa hivyo sarufi ya Kiswahili imewahi kupita mikononi mwa Lisp.

Jibu la pili ni la kinadharia, na lina uzito zaidi. Mara nyingi istilahi za sintaksia hufundishwa kama majina ya kukariri: hiki ni huru, kile ni tegemezi. Katika kompaila istilahi hizo zina matokeo yanayoweza kupimwa. Tungo ikihamishwa kutoka nafasi moja hadi nyingine, kompaila hubadilisha mwenendo wake papo hapo.

Mkalimani na mfasiri

Katika kozi za tafsiri, mkalimani hutofautishwa na mfasiri. Mkalimani husikiliza sentensi, akaitoa papo kwa papo, kisha akangoja nyingine. Mfasiri huketi na matini nzima na kutoa matini nyingine, ambayo itasomwa siku nyingine, pengine mahali asipokuwapo yeye. Tofauti hii inaeleza kwa usahihi wa kutosha njia mbili za kuendesha programu. Ipo njia ya ukalimani, ambapo kila tungo ya Lisp husomwa na kutekelezwa kabla ya inayofuata kusomwa. Ipo pia njia ya kompaila, ambapo faili nzima hugeuzwa kuwa faili nyingine iliyo karibu zaidi na lugha ya mashine, na faili hiyo mpya ndiyo itakayopakiwa na kutekelezwa baadaye.

Msisitizo uwekwe kwenye neno *baadaye*. Kompaila inapoitafsiri tungo inayosema "chapisha salamu," haichapishi chochote. Inaandika maagizo ya kuchapisha, na salamu itaonekana siku faili ile itakapopakiwa. Kimsingi, basi, kompaila haitekelezi inachokisoma. Lakini kuna tungo chache ambazo haiwezi kuendelea na kazi bila kuzitekeleza, angalau kwa sehemu, pale pale inapozisoma. Makro ni mojawapo.

Sarufi ya Lisp ni nyepesi mno. Tungo huandikwa ndani ya mabano, na neno la kwanza ndilo linalosema kitendo. Yanayofuata ni vitu vinavyotendewa. Kitenzi, kwa maneno mengine, hutangulia daima. Tungo yaweza kuchopekwa ndani ya tungo nyingine, na hiyo ndani ya nyingine, bila kikomo. Makro ni kanuni inayoipokea tungo na kuibadilisha iwe tungo nyingine kabla haijatafsiriwa. Tazama mfano huu:

    (defmacro maradufu (usemi)
      (list '* 2 usemi))

    (defun bei-mpya (bei)
      (maradufu bei))

Tungo ya kwanza inaunda makro iitwayo *maradufu*: popote itakapokutana na usemi fulani, iunde orodha yenye alama ya kuzidisha, tarakimu 2 na usemi wenyewe. Tungo ya pili inaunda fanksheni, yaani kazi iliyopewa jina, iitwayo *bei-mpya*. Ili kuitafsiri tungo hii ya pili, kompaila haina budi kujua tayari kwamba *maradufu* ni makro na kuigeuza *(maradufu bei)* kuwa *(* 2 bei)*. Isipojua, italichukulia neno hilo kuwa jina la fanksheni ya kawaida itakayopatikana mbele ya safari, nayo itaandika maagizo ya kuiita. Kwa mintarafu hii, *defmacro* haiwezi kungoja baadaye. Inapaswa kuingia katika kumbukumbu za kompaila wakati ule ule wa kutafsiri.

Katibu wa mkutano

Fikiria katibu anayeandika kumbukumbu za mkutano wa chama. Mwenyekiti akisema, "Mkutano umeahirishwa," katibu anaandika kuwa mkutano umeahirishwa, na kila linalofuata litaandikwa kwa kuzingatia hilo. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye kitabu chake kuhusu matendo-uneni kilichapishwa mwaka wa 1962, aliwafundisha wanaisimu kuona kwamba semi za aina hii hazielezi hali ya ulimwengu bali huiunda. Sasa mwenyekiti aseme, "Ikiwa mvua itanyesha, mkutano umeahirishwa." Maneno *mkutano umeahirishwa* yamo, herufi kwa herufi, lakini katibu hana ruhusa ya kuandika kuwa mkutano umeahirishwa. Tendo limefungwa ndani ya kishazi ambacho ukweli wake haujajulikana.

Kompaila ni katibu wa namna hiyo. Tungo iliyosimama peke yake katika faili, isiyozungukwa na mabano ya tungo nyingine, husemwa kuwa iko katika ngazi ya juu. Ikiwa ni tungo ya kuunda makro, kompaila huiandika katika kumbukumbu zake mara moja. Tungo hiyo hiyo ikichopekwa ndani ya nyingine, kwa kawaida kompaila huitafsiri tu, bila kuiandika popote katika kumbukumbu zake:

    (let ((kizidishi 2))
      (defmacro maradufu (usemi)
        (list '* kizidishi usemi)))

    (defun bei-mpya (bei)
      (maradufu bei))

Neno *let* hulipa jina thamani kwa muda wa tungo zilizo ndani yake. Kwa macho ya binadamu tofauti na mfano wa awali ni ndogo. Kizidishi ni 2 pale na ni 2 hapa. Hata hivyo, kompaila ikiifikia *bei-mpya* haina habari ya makro yoyote yenye jina *maradufu*. Inaandika maagizo ya kuita fanksheni, pengine ikitoa onyo kwamba fanksheni hiyo haijulikani, kisha inamaliza kazi yake. Faili ikipakiwa, *let* inatekelezwa na makro inaundwa, lakini maji yamekwisha kumwagika: *bei-mpya* imekwisha kutafsiriwa kimakosa. Anayeiita baadaye anapata hitilafu mahali pa jibu.

Yafaa kusisitiza kwamba kompaila haifanyi ukaidi. Thamani ya *kizidishi* hupatikana wakati wa kutekeleza. Katika mfano huu ni tarakimu ya wazi, lakini mahali pake pangeweza kuwa na thamani inayosomwa kutoka kwa faili nyingine, au saa ya ukutani, au jibu la mtu aliye mbele ya mashine wiki ijayo. Kwa ujumla, wakati wa kutafsiri hakuna kizidishi. Makro inayotegemea kitu kisichokuwapo haiwezi kutumiwa na asiye nacho.

Ndiyo maana kuchopeka fanksheni ndani ya *let* hakuleti shida ya aina hii. Watunzi wa programu hufanya hivyo kila mara:

    (let ((idadi 0))
      (defun hesabu ()
        (incf idadi)))

Kila mara *hesabu* inapoitwa, idadi iliyofichwa huongezeka kwa 1. Fanksheni huhitajika wakati wa kutekeleza, na wakati huo ukifika *let* itakuwa imekwisha kutekelezwa. Makro huhitajika mapema zaidi. Kwa hiyo kinachozuiliwa na uchopekaji ni upatikanaji wa maana kwa wakati fulani. Maana yenyewe ingalipo.

Kosa linalojificha

Jambo linaloifanya tofauti hii kuwa ya hatari ni kwamba mwandishi wa programu anaweza asiione kwa muda mrefu. Katika Lisp ni desturi kufanya kazi na mfumo uliowashwa tangu asubuhi, mtunzi akiongeza tungo moja baada ya nyingine na kuzijaribu. Akiipakia faili yenye mfano wa pili kwa njia ya ukalimani, bila kuitafsiri kwanza, *let* inatekelezwa, makro inaundwa, kisha *bei-mpya* inasomwa ikiikuta makro ipo. Ukimpa 50, inarudisha 100. Mtunzi anaridhika.

Kibaya zaidi, akiamua sasa kuitafsiri faili hiyo kwa kompaila ndani ya mfumo ule ule aliokuwa akiutumia, kompaila itafaulu, kwa sababu makro ingali katika kumbukumbu za mfumo kutokana na jaribio la awali. Anampelekea mwenzake faili. Mwenzake anauwasha mfumo upya, anatafsiri, anapakia, na programu inaanguka. Kila mmoja ana hakika ya alichokiona, na wote wawili wanasema kweli. Mabishano ya namna hii hayaishi kwa kuisoma *bei-mpya* tena na tena, kwa kuwa hiyo haina kasoro. Yataisha pale mmoja atakapouliza ni nani aliyekuwa ameisikia *maradufu*, na aliisikia lini.

Sentensi ambatano

Je, kila mabano ya nje huiondolea tungo uhuru wake? Hapana. Hapa ndipo ulinganisho na sintaksia ya Kiswahili unapozaa matunda zaidi. Mwenyekiti akisema, "Mkutano umeahirishwa na ukumbi umefungwa," katibu huandika yote mawili. Vishazi viko ndani ya sentensi moja, lakini kiunganishi *na* hakikitii kimoja chini ya kingine. Hiyo ni sentensi ambatano, na wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya huitofautisha na sentensi changamano bila taabu.

Common Lisp ina neno *progn*, ambalo kazi yake ni kuzifunga tungo kadhaa pamoja zitekelezwe kwa mfuatano. Sanifu ya 1994 inasema bayana kwamba *progn* ikiwa katika ngazi ya juu, tungo zilizo ndani yake nazo huchukuliwa kuwa za ngazi ya juu. Kuna maneno mengine machache yenye hadhi hiyo: *locally*, *macrolet*, *symbol-macrolet* na *eval-when*. Isitoshe, tungo ya makro iliyo katika ngazi ya juu ikibadilishwa, matokeo yake hurithi nafasi ile ile. Mengineyo yote, yakiwemo *let*, *if* na mwili wa *defun*, huzishusha tungo zilizomo.

Kanuni ya urithi ina athari kubwa kwa wanaotunga makro kwa ajili ya watu wengine. Mtunzi akitaka tungo moja ya mtumiaji izae tungo tatu, mathalani makro moja na fanksheni mbili, atazifunga kwa *progn*, na zote zitafika mbele ya kompaila zikiwa huru. Akizifunga kwa *let*, labda kwa kutaka tu kuhifadhi thamani ndogo kando, amezitia zote utegemezi bila mtumiaji kujua. Mtumiaji ataandika tungo iliyo peke yake kabisa katika faili, ataiona ni ya ngazi ya juu, na kompaila itaiona vingine. Hukumu hutolewa kwa umbo lililofichika, yaani tungo baada ya kubadilishwa. Waliosoma sarufi geuzi wataukumbuka upesi mvutano wa umbo la nje na umbo la ndani.

*Macrolet* nayo inastahili neno. Huunda makro ambayo upeo wake ni mwili wa tungo hiyo tu, popote ilipo, hata ndani kabisa ya fanksheni, na kompaila huielewa bila tatizo. Je, hii haikanushi hoja? La. Anayetumia *macrolet* huiambia kompaila mapema kwamba makro hii itahitajika kuanzia bano hili hadi lile, na katika ufafanuzi wake haruhusiwi kutegemea thamani zitakazopatikana wakati wa kutekeleza. Ameondoa kile kilichoifanya *let* kuwa kizuizi. Anayehitaji makro ndani ya tungo atumie hii.

Kusikia kabla ya kuandika

Kuna ufa mmoja katika usawa wa *progn*. Kompaila huichakata kila tungo ya ngazi ya juu kikamilifu kabla ya kuisoma inayofuata. Lakini ili kuichakata *progn* ni lazima iisome kwanza yote, kuanzia bano la kufungua hadi la kufunga. Kusoma, katika Lisp, ni kuyatambua majina yaliyoandikwa na kuyaweka katika fungu la majina linalotumika wakati huo, na tungo *in-package* ndiyo inayobadilisha fungu.

Tuseme faili inaanza kwa *in-package* iliyosimama peke yake, kisha fanksheni inafuata. Fungu linabadilishwa, na ndipo fanksheni inaposomwa. Majina yake yanaingia katika fungu jipya. Zote mbili zikifungwa ndani ya *progn* moja, majina yote yanasomwa katika fungu la zamani kabla *in-package* haijapata nafasi ya kufanya lolote. Zote ni tungo za ngazi ya juu kisheria, na bado agizo la kwanza limechelewa. Katibu aliyetajwa hapo awali angeielewa hali hii: ukimwambia katika pumzi moja, "Kuanzia sasa Juma ataitwa Katibu Msaidizi, na Juma afunge mlango," jina la pili amekwisha kulisikia kwa mazoea ya zamani. Huru kwa uchakataji si lazima iwe huru kwa usomaji, na vitabu vya kufundishia havilikazii jambo hili inavyotakikana.

Fanksheni inayohitajika mapema

Hadi hapa imedokezwa kwamba ngazi ya juu ni dawa. Si dawa ya kila kitu. Tazama mfano ambao tungo zake zote ni za ngazi ya juu:

    (defun unda-zidisho (usemi)
      (list '* 2 usemi))

    (defmacro maradufu (usemi)
      (unda-zidisho usemi))

    (defun bei-mpya (bei)
      (maradufu bei))

Katika mfumo uliowashwa upya, kompaila itakwama kwenye *bei-mpya*. Makro *maradufu* inajulikana, lakini ili kuibadilisha tungo inabidi makro iiite *unda-zidisho*, na hiyo ni fanksheni. Kompaila imeitafsiri na kuyaweka maagizo yake katika faili mpya. Haijaiunda ndani ya mfumo unaoendelea. Imeandika *tangazo la kazi* bila kumwajiri mfanyakazi. Lugha haikosei hapa. Fanksheni nyingi hazihitajiki wakati wa kutafsiri, na kuzitekeleza zote mapema kungevunja maana yenyewe ya kutafsiri.

Suluhisho ni kuusema wakati waziwazi:

    (eval-when (:compile-toplevel :load-toplevel :execute)
      (defun unda-zidisho (usemi)
        (list '* 2 usemi)))

Maneno matatu yaliyo katika mabano ya kwanza ni nyakati tatu: wakati wa kutafsiri, wakati wa kupakia faili iliyotafsiriwa, na wakati wa utekelezaji wa kawaida. Mtunzi ameamuru kwamba fanksheni hii iwepo katika nyakati zote. Wanaoijua njeo ya kitenzi cha Kiswahili wataona kwamba Lisp, lugha isiyo na viambishi vya njeo, imelazimika kujitengenezea njeo ya namna yake.

Na bado nafasi inashinda. Majina ya nyakati mbili za kwanza yanataja ngazi ya juu ndani yake, na si kwa bahati. *Eval-when* ikichopekwa ndani ya *let* au ya fanksheni, nyakati hizo mbili hupuuzwa. Unaosalia ni ule wa tatu pekee. Hakuna njia ya kuifanya tungo tegemezi ijitangaze kuwa huru kwa kupaza sauti kutoka ndani.

Jinsi sheria ilivyopatikana

Sheria hizi hazikuzaliwa zikiwa nadhifu. Kitabu cha Guy Steele cha mwaka 1984, kilichokuwa mwongozo mkuu wa Common Lisp kabla ya usanifishaji, kiliichukulia *in-package* kuwa fanksheni ya kawaida. Lakini fanksheni ya kawaida haitekelezwi wakati wa kutafsiri, ilhali hii ilibidi itekelezwe, la sivyo faili nzima isingesomeka vilivyo. Ikaamuliwa kwamba kompaila izitambue baadhi ya fanksheni kwa majina yao na kuzipa heshima maalumu zikikutwa katika ngazi ya juu. Mwanafunzi wa wakati huo alilazimika kukariri mpangilio wa tungo hizo mwanzoni mwa faili kwa msaada wa sentensi ya kuchekesha ya Kiingereza ambayo herufi za maneno yake zilidokeza majina yaliyotakiwa. Orodha ya kukariri ni dalili kwamba kanuni bado haijapatikana.

Kamati iliyoandaa sanifu ya 1994 iliigeuza *in-package* kuwa makro na kuongeza *defpackage*. Badiliko hilo lilihamisha upekee wake kutoka vichwani mwa waandishi wa kompaila hadi ndani ya lugha yenyewe, mahali ambapo *eval-when* inaweza kuueleza. Hali kadhalika, mtunzi anayetaka kuiagiza kompaila kuhusu namna ya kutafsiri hutumia makro *declaim* katika ngazi ya juu. Fanksheni *proclaim*, yenye kusudi lile lile, haitendi wakati wa kutafsiri isipowekwa ndani ya *eval-when*.

Ulinganisho unakoishia

Ulinganisho na vishazi una mipaka, na ni vyema itajwe. Katika Kiswahili uchopekaji pekee hauamui. "Mwalimu alidhani kwamba Juma amefika" hakutuhakikishii kufika kwa Juma, lakini "Mwalimu anajua kwamba Juma amefika" kunatuhakikishia, ingawa kishazi kimechopekwa vivyo hivyo. Kitenzi *jua* kinaruhusu ukweli upenye kutoka ndani, *dhani* hakiruhusu. Msikilizaji huyaamua haya kwa kuijua maana ya kitenzi. Kompaila ya Lisp ina orodha fupi ya maneno matano yanayopitisha uhuru, na nje ya orodha hiyo haichunguzi maana. Hata *let* isiyo na jina lolote ndani yake, ambayo mtoto angeona haizuii kitu, huzishusha tungo zake kama *let* nyingine yoyote.

Tofauti nyingine ni kwamba binadamu hurudi nyuma. Tukisikia jina tusilolijua, tunasoma mbele, tukalipata, tukarekebisha tulichokielewa awali. Kompaila inayoisoma faili kwa zamu haifanyi hivyo kwa makro, kilichotafsiriwa kimetafsiriwa.

Zipo lahaja zilizochagua njia tofauti. Scheme, iliyobuniwa na Gerald Sussman na Guy Steele mwaka wa 1975, huichukulia *define* iliyo ndani ya mwili wa fanksheni kuwa ya humo ndani tu, tofauti na *defun* ya Common Lisp ambayo, hata ikichopekwa kwa kina gani, itaunda jina la wote pindi itakapotekelezwa. Racket, iliyochipuka kutoka kwa Scheme, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2002 Matthew Flatt alichapisha makala ya kueleza mfumo ambamo kila moduli hutangaza ni kitu gani inakihitaji katika awamu ya kutafsiri na ni kipi katika awamu ya kutekeleza, na kila moduli hutafsiriwa kana kwamba mfumo umewashwa upya. Kosa la watunzi wawili wanaobishana huku wote wakisema kweli haliwezi kutokea humo kwa njia iliyoelezwa hapa. Gharama yake ni kwamba mtunzi hulazimika kuitaja awamu tangu mwanzo, hata katika programu ndogo ambayo katika Common Lisp ingeandikwa kwa mistari mitano bila kuutaja wakati popote.